Mabaki Yanayosafisha Maji: Yanaweza Nini na Hayawezi Nini

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika za Kasulu na Kibondo. Tunaichapisha hapa kwa faida ya wasomaji na wafadhili walioomba nakala yake.



Sisi wa idara ya miradi tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo sharika kadhaa zimetuuliza. Habari zimeenea kwamba vitu tunavyovitupa kila siku, kama maganda ya mise, magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa na mifupa ya machinjioni, vinaweza kugeuzwa mkaa wa kusafishia maji machafu. Baadhi ya kamati zimekwisha kuliweka jambo hili kwenye maandiko ya miradi na kuomba vichujio kwa ajili ya kila mtaa.

Tunashukuru kwa moyo huo. Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano hakuruhusu masalio yapotee. Aliagiza yakusanywe, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Kuthamini mabaki ni mafundisho ya kanisa letu. Lakini kabla ya kuomba fedha ya mtu na kabla ya kumpa mama ndoo na kumwambia kuwa maji yake sasa ni salama, inatupasa kujibu maswali matatu. Je, ni kweli? Je, ni kwa ajili ya maji ya kwetu? Na tuanzie wapi? Jibu letu kwa kifupi ni hili: ni kweli, ila si kwa kila maji, na kwa maji yetu mengi huo mkaa siyo hatua ya kwanza. Tutaeleza kwa nini.

Mkaa unafanyaje kazi?

Wengi tunafikiri mkaa hunyonya uchafu kama sponji. Sivyo hasa. Unafanana zaidi na ulimbo ambao watoto wetu hupaka kwenye kijiti ili kunasa ndege. Ndege haingii ndani ya kijiti, hunasa juu yake. Vivyo hivyo, uchafu fulani ulioyeyuka katika maji hunasa kwenye uso wa mkaa. Na uso huo ni mkubwa kuliko tunavyodhani, maana ndani ya kipande cha mkaa kuna vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ya mkaa uliotengenezwa vizuri kiwandani inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500, yaani eneo kubwa kuliko uwanja wa netiboli.

Mfano wa ulimbo unatufundisha mambo mawili. Kwanza, ulimbo hauwezi kunasa kila kitu, na mkaa nao una vitu unavyovinasa na vitu unavyoviacha vipite. Pili, kijiti kikishajaa ndege hakinasi tena. Mkaa nao hujaa, na ukijaa hauonyeshi dalili. Maji yataendelea kupita na kuonekana safi, kumbe hakuna kinachonaswa.

Jambo hili si geni duniani. Huko Ulaya mkaa wa mifupa umetumika kusafisha sukari tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wananchi wa Marekani walihamasishwa kukusanya kokwa za matunda na maganda ya njugu, yakachomwa kuwa mkaa wa kuwekwa katika vinyago vya kuwakinga askari dhidi ya gesi ya sumu. Basi, kukusanya makokwa kijiji kwa kijiji kwa kazi ya kuokoa maisha kuliwahi kufanyika, tena kwa watu wengi.

Tunachojifunza kutoka kaskazini

Hapa nchini mfano ulio wazi zaidi ni wa mkoa wa Arusha. Katika maeneo ya kandokando ya Mlima Meru, pamoja na Maji ya Chai na Ngurdoto, maji yana madini mengi ya floraidi yanayotokana na miamba ya volkano. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania ilivumilia hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu watu wa maeneo hayo hawakuwa na chanzo kingine. Baadaye kiwango hicho kikashushwa. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika hupata meno ya rangi ya kahawia ambayo hayarudi kuwa meupe. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Ukichemsha sana, maji hupungua na floraidi hubaki, hivyo huongezeka katika kile kilichosalia. Hapo ndipo mkaa wa mifupa ulipopata kazi. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara inayohusika na maji, kilitengeneza vichujio vya ndoo vya nyumbani vinavyotumia mkaa huo. Nchini Kenya, Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kazi kama hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990: ikachoma mifupa, ikatengeneza vichujio vya nyumbani na vya jumuiya, na ikapima maji yake.

Tunayaleta mambo hayo hapa kwa sababu yana mafunzo manne kwetu.

La kwanza, walianza na tatizo lililopimwa. Walijua ni floraidi, walijua ni kiasi gani, ndipo wakatafuta dawa yake.

La pili, kuchoma ni ufundi. Mifupa huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi kama 400 hadi 500. Ikiiva pungufu, mafuta hubaki na maji hutoa harufu na ladha mbaya ambayo hakuna mtu atakayeivumilia. Ikipita kiasi, mifupa hugeuka myeupe na nguvu yake ya kunasa floraidi hupungua. Tanuru moja, fundi wawili, mkaa wa aina mbili.

La tatu, watu wanataka kujua mifupa ni ya mnyama gani. Hilo ni swali la haki. Majirani zetu Waislamu wakisikia kichujio cha kanisa kina mkaa wa mifupa, wana haki ya kuhakikishiwa kwamba si ya nguruwe, na uhakika huo haupatikani kwa maneno bali kwa kujua mifupa imetoka machinjio gani.

La nne, kichujio bila mkaa wa kubadilisha ni ndoo tu. Kilichowezesha kazi ya Nakuru si ndoo. Ni tanuru linalowaka, mkaa unaopatikana kwa kununua, na mtu anayepima.

Maji ya kwetu yana tatizo gani?

Sasa tugeukie nyumbani. Ukanda unaojulikana kwa floraidi ni ule wa kaskazini na sehemu za kati na Kanda ya Ziwa. Kigoma haihesabiwi humo. Mtu akija kuwauzia vichujio vya mifupa kwa ajili ya floraidi hapa Kasulu au Kibondo, mwombeni kwanza matokeo ya maabara.

Shida yetu kubwa inajulikana na kila mama aliyeko hapa. Ni kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, yaani vijidudu vinavyotokana na kinyesi. Chemchemi haina uzio, ng'ombe hunywa hapo hapo tunapochota, vyoo viko juu ya mteremko, na mvua za masika zikinyesha kila kitu hushuka bondeni. Wilaya zetu zimebeba pia mzigo wa ukarimu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena, Nyarugusu ikafurika na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Mwezi Mei mwaka huo huo kipindupindu kiliwakumba wakimbizi waliokuwa wamejazana katika kijiji cha Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wagonjwa walizidi 3,000 na watu wapatao 30 walifariki katika majuma machache tu.

Hapa ndipo tunapoomba masikio yenu yote. Mkaa wa mabaki, uwe wa mise au wa magunzi, hauui vijidudu. Unaweza kupunguza baadhi yao, lakini kupunguza siyo kuondoa, na mkaa uliokaa muda mrefu na unyevunyevu unaweza kuwa makazi ya vijidudu hivyo. Maji yatatoka yanang'aa, hayana harufu, matamu mdomoni, na bado yakamuua mtoto. Maji ya tope mtu huyaogopa. Maji yanayong'aa humfanya mtu aache kuchemsha. Kwa hiyo kichujio cha mkaa kikitolewa bila mafundisho kinaweza kuongeza hatari badala ya kuipunguza.

Je, tuseme basi mkaa hauna kazi kwetu? La, unazo kazi zake:

Maji ya bwawa au mto yenye rangi ya chai na harufu ya majani yaliyooza: mkaa hupunguza rangi na harufu hiyo.

Visima na vijito vilivyo karibu na mashamba ya tumbaku na bustani zinazopuliziwa dawa: mkaa mzuri unaweza kunasa aina nyingi za dawa za kuulia wadudu, kitu ambacho kuchemsha hakukifanyi. Lakini pale inapowezekana, kuzuia dawa isifike kwenye chanzo ni bora kuliko kuifuata kwa kichujio.

Maji ya kisima yanayogeuka rangi ya kutu yakikaa na kuchafua nguo nyeupe hayahitaji mkaa kwanza. Hayo kwa kawaida ni madini ya chuma. Yamimine kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa ili yapate hewa, yaache yatuame, kisha yapitishe kwenye mchanga safi.

Mabaki tuliyo nayo

Mkoa wetu ni mkoa wa mawese. Tangu mwaka 2018 Serikali imehimiza sana kilimo cha michikichi Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Michikichi ikiongezeka, maganda magumu ya mise nayo yataongezeka. Hayo ni malighafi nzuri kuliko yote tuliyo nayo, kwa sababu ni mazito, magumu, na mkaa wake hausagiki ovyo ndani ya maji. Kwa viwanda vya dunia, maganda ya mise na vifuu vya nazi ni miongoni mwa malighafi zinazotegemewa.

Kwa ndugu wa nyanda za juu ambako michikichi ni michache, kuna magunzi na maganda ya kahawa. Mkaa wake ni mwepesi na huvunjika haraka, hivyo hubadilishwa mara kwa mara zaidi. Pumba za mpunga huacha majivu mengi.

Jambo moja tulikatae tangu leo: tusikate mti hata mmoja kwa ajili ya kuchuja maji. Misitu yetu imekwisha kuumia kwa kuni na mkaa wa kupikia, na mlima ukibaki kipara chemchemi hukauka. Kukata miti ili kusafisha maji ni kuziba tundu la ndoo kwa kipande ulichokikata kwenye ndoo hiyo hiyo.

Namna ya kutengeneza

Kwa kikundi kitakachoruhusiwa kujaribu baada ya kupima maji, hatua ni hizi.

Maganda yakaushwe vizuri juani. Yajazwe kwenye pipa la chuma ambalo halikuwahi kubeba dawa wala mafuta, lenye mfuniko na matundu machache ya hewa. Moto uwashwe na hewa ibanwe, ili maganda yaive bila kuwa majivu. Kazi hii ifanyike nje, mbali na nyumba, kwa kuwa moshi wake ni hatari. Pipa lifunguliwe likishapoa kabisa, kwani mkaa wa moto ukipata hewa huwaka tena. Mkaa utwangwe kwenye kinu kisichotumika kwa chakula, kisha uchekechwe. Unga laini utolewe, vibaki vipande vyenye ukubwa wa punje za mtama. Vioshwe mara nyingi mpaka maji ya kuoshea yawe meupe.

Katika ndoo yenye koki huwekwa kokoto ndogo zilizooshwa chini, kisha mkaa, kisha mchanga safi juu. Maji ya tope yaachwe yatuame kwanza, maana tope huziba mkaa mapema. Na yapite taratibu. Ulimbo hauwezi kumnasa ndege anayepita kasi.

Mkaa huu wa pipa haulingani na ule wa kiwandani, ambao hupitishwa kwenye mvuke wa joto la nyuzi 800 na zaidi au hutiwa kemikali ili vitundu viongezeke. Tunawasihi vijana wetu waliosoma sayansi: msijaribu kutumia asidi nyumbani. Kemikali ikibaki ndani ya mkaa mtakuwa mmeongeza sumu badala ya kuiondoa.

Utaratibu ambao haubadiliki

Kuna jambo moja tunaomba lifundishwe hadi Shule ya Jumapili lipate kueleweka: chuja kwanza, tia dawa baadaye. Mkaa hunasa klorini. Mama akitia dawa ya maji kwenye ndoo halafu akayapitisha kwenye mkaa, dawa yote itabaki kwenye mkaa na maji yatatoka bila kinga. Kwa hiyo: tuamisha, chuja, kisha chemsha au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha hifadhi katika chombo chenye mfuniko. Asiye na kuni wala dawa aweke maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, azilaze juani kwa saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu.

Mkaa uliochoka nao una pa kwenda. Ule uliopunguza rangi na harufu tu unaweza kuchanganywa na mboji. Ule uliochuja maji yenye dawa za mashambani usiende bustanini. Ufukiwe mbali na vyanzo vya maji.

Maombi yetu kwa kamati za sharika

Kwanza, kila kamati iorodheshe vyanzo vya maji vya eneo lake na kueleza hali yake: uzio, mifugo, vyoo vilivyo juu yake, mashamba yanayopuliziwa dawa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari na miguu.

Pili, kabla ya kuandika neno kichujio kwenye andiko lolote, nendeni ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, mwombe utaratibu wa kupima maji katika maabara ya ubora wa maji. Pelekeni swali lililo wazi: tunahofia vijidudu, au dawa, au kutu. Andiko lisiloambatanishwa na matokeo ya vipimo hatutalipitisha.

Tatu, pale ambapo shida ni vijidudu, nguvu kazi ya sharika ielekezwe kwanza kwenye kulinda chemchemi: kuijengea, kuiwekea bomba la kutolea maji, kuizungushia uzio, na kuchimba mfereji wa kupitishia maji ya mvua pembeni. Washirikishwe jumuiya ya watumia maji, serikali ya kijiji na majirani wa dini zote, maana chemchemi haina dhehebu.

Nne, pale ambapo vipimo vitaonyesha kazi ya mkaa, kianze kikundi kimoja tu, chenye fundi mmoja aliyefundishwa, daftari la tarehe za kubadilisha mkaa, na maji yanayopimwa kabla na baada ya kuchuja. Fedha ya kupima iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Kikifaulu, wengine watajifunza kwake.

Neno kwa wafadhili wetu

Kwa marafiki zetu mnaosoma taarifa hizi mkiwa mbali, tunasema asante. Tunafahamu kwamba ndoo yenye mkaa uliotokana na taka ni rahisi kupigwa picha na rahisi kupendwa. Mfereji wa kugeuza maji ya mvua juu ya chemchemi hauvutii kwenye picha. Hata hivyo, mkituuliza shilingi ya kwanza iende wapi, tutawajibu iende kwenye mfereji. Shilingi ya pili iende kwenye kupima. Ya tatu, pale panapostahili, iende kwenye mkaa.

Hatusemi hivyo kwa kudharau ubunifu. Mwaka 2015 Mtanzania mwenzetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alishinda tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika iliyotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio cha mchanga na vifaa vya nano kinachorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Msingi wa kazi yake ndio huo tunaousema leo: jua kwanza maji yako yana nini.

Ndugu wapendwa, sharika zenu zinaaminiwa. Mchungaji au mwinjilisti akisema mbele ya madhabahu kwamba maji haya ni salama, mama atamnywesha mtoto wake bila kuuliza mara ya pili. Hiyo ni amana. Tuitunze kwa kusema tu kile tulichokipima. Tukusanye mabaki, ndiyo, na yafanye kazi yake. Lakini tusiyape kazi ambayo hayawezi.

Daftari la vyanzo vya maji la kila usharika tutalipokea katika kikao cha robo mwaka ijayo. Bwana awabariki.